TUKIKATALIWA MALIPO YA ULEMAVU WA VITANI, TUFANYEJE?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kikwe, Wilaya ya Arumeru)

  

Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea wala dawa ya mahindi. Tumekuja na habari ya barua. Ni barua fupi. Imepigwa chapa, ina muhuri, na juu yake ina namba ya kumbukumbu. Anayeipokea ni mtu aliyekwenda vitani akarudi na mguu mmoja, au jicho moja, au kipande cha chuma mgongoni. Aliomba malipo ya ulemavu. Barua inamjibu kwamba maombi yake yamekataliwa, au kwamba ulemavu wake ni mdogo kuliko anavyodai, au kwamba jeraha lake halikutokana na vita.

Je, mtu huyo afanye nini?

Wengi hufanya jambo moja. Huikunja barua, huiweka chini ya godoro, na kusema, "Basi, Serikali imekwisha sema." Sisi tunasema hapana. Aliyesema ni ofisa mmoja aliyekaa mezani, na pengine mbele yake palikuwa na nusu tu ya karatasi zilizotakiwa. Uamuzi wake unaweza kuulizwa tena. Kuuliza huko ndiko kunakoitwa rufani.

Wako wanaoogopa neno hili. Wanadhani kukata rufani ni kugombana na Serikali, au ni kukosa adabu mbele ya Jeshi. La hasha! Hebu tutazame mambo yetu wenyewe. Kamati ya mfereji ikigawa zamu za maji, na mtu akaona zamu yake imerukwa, hakai kimya mpaka mahindi yakauke. Anakwenda kwa mwenyekiti wa mfereji. Shauri la ukoo likiamuliwa na mtu asiridhike, analipeleka kwa mshili. Hakuna anayemwita mtu huyo mkorofi. Ndivyo ilivyo hata kwa uamuzi wa ofisi.

Tena jambo hili limo katika Katiba ya nchi yetu. Ibara ya 13, kifungu kidogo cha 6, inasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Tena ana haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Tazameni maneno hayo, "chombo kingine." Hayakuishia kwenye mahakama. Ofisi inayoamua malipo ya mlemavu nayo imo.

Na sisi watu wa Meru tusijifanye wageni wa jambo hili. Novemba 1951 Serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha wazee wetu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Walifanya nini? Walichanga fedha zao, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu hoja yao haikupata theluthi mbili ya kura, na siku ile hawakurudishiwa ardhi. Lakini dunia nzima ilisikia jina la Meru. Kama mtu wa Meru aliweza kupeleka rufani New York kwa meza ya wakubwa wa dunia, sisi tutashindwa kupeleka barua Dodoma?

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu lilivuka, likawarudisha nyuma, likaingia Uganda. Masaka ilianguka Februari 1979. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Mwanzoni mwa Juni vita vilikuwa vimekwisha. Waliokwenda hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Maelfu ya mgambo walichukuliwa vijijini na kazini, wakapewa mafunzo na bunduki, wakapanda malori. Wengine walilala huko. Makaburi ya mashujaa yapo Kaboya, Wilaya ya Muleba, na kila mwaka Julai 25 taifa linawakumbuka mashujaa wake.

Lakini leo tunawazungumzia waliorudi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka miaka 65. Jeraha ambalo ujanani alilifunga kitambaa akaenda kulima, sasa limeamka. Masikio yaliyopigwa na mngurumo wa mizinga yamekuwa mazito kabisa. Mnakumbuka ile mizinga ya roketi ambayo askari wa Amin waliiogopa wakaiita "saba saba"? Iliwatisha waliopigwa nayo, lakini hata waliosimama karibu nayo masikio yao yaliumia.

Na siyo wazee tu. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wetu ilivamiwa huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Vijana zaidi ya kumi wa Tanzania waliuawa, na wengine wengi walijeruhiwa. Yafaa wazazi wa vijana wa namna hiyo wajue jambo moja. Umoja wa Mataifa unayo fidia ya kifo na ya ulemavu kwa askari wa kulinda amani, lakini haumlipi askari mkono kwa mkono. Madai hupelekwa na serikali ya nchi yake, na fedha hupitia kwa serikali hiyo. Kwa hiyo anayefuatilia aanzie hapa nyumbani, asiandike barua New York.

Haya, turudi kwenye barua yetu iliyo chini ya godoro. Tuitoe.

Kazi ya kwanza ni kuisoma. Tunajua mnacheka. Lakini tunasema kuisoma yote, siyo kusoma lile neno "yamekataliwa" na kuiacha. Hapa ndipo kisomo chetu kinapoonyesha faida. Soma tarehe. Soma namba ya kumbukumbu. Soma cheo cha aliyetia sahihi. Kisha tafuta sababu. Kwa nini wamekataa? Barua nyingine husema, nyingine hazisemi. Kama haisemi, barua yako ya kwanza siyo ya rufani. Ni ya kuomba sababu kwa maandishi. Utajibuje hoja usiyoijua?

Ukishaipata sababu, jibu hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzee mmoja ameambiwa hakuna ushahidi kwamba alikuwamo kwenye kikosi fulani. Yeye anaandika kurasa tatu kueleza jinsi mguu unavyomwuma usiku, jinsi watoto walivyokosa ada, na jinsi alivyoipenda nchi yake. Yote ni kweli, nasi tunamhurumia. Lakini hakuulizwa kama mguu unauma. Aliulizwa, "Ulikuwa kikosi gani?" Mwingine ameambiwa, "Tunakubali ulikuwa askari, lakini jeraha hili si la vitani." Huyu naye analeta picha yake ya sare za jeshi! Hilo walikwisha kulikubali. Angeleta kadi ya hospitali ya mwaka ule, au ushuhuda wa mwenzake aliyembeba.

Wa tatu hakukataliwa kabisa. Amepewa, ila kiasi kidogo, kwa sababu madaktari walipima ulemavu wake wakaandika asilimia ndogo. Mtu wa namna hii asipoteze nguvu kueleza vita. Dawa yake ni kupimwa tena. Aende hospitali ya mkoa, aombe taarifa ya daktari bingwa wa ugonjwa wake: wa mifupa, wa macho, au wa masikio. Taarifa hiyo ieleze jeraha lilivyo leo, na lile mtu asiloweza tena kulifanya. "Hawezi kuinama, hawezi kubeba debe la maji, hawezi kutembea zaidi ya hatua mia bila kupumzika." Maneno ya namna hiyo ya daktari yana uzito kuliko kusema tu "anaumwa." Akishaipata, aiambatanishe na barua ya kuomba bodi ya madaktari imtazame upya.

Tukae kidogo kwenye habari ya ushahidi, maana ndiko rufani zinakofia.

Iko hadithi inayosimuliwa juu ya askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 mpaka 1918. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa wale waliokuwa hai. Ikafunguliwa ofisi ya malipo Mwanza. Wazee kama 350 wakaja. Wenye vyeti walikuwa wachache sana. Wengine walileta vipande vya makoti ya jeshi, wengine hawakuwa na kitu. Je, mlipaji angejuaje nani askari na nani mdanganyifu? Inasimuliwa kwamba alimpa kila mmoja ufagio, kisha akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita. Lakini wazee wale walisimama wima, wakabeba ufagio begani kama bunduki, wakageuka kulia, wakageuka kushoto. Hakuna aliyeshindwa.

Ni hadithi nzuri, nasi tunaipenda. Lakini msiitegemee! Siku hizi hakuna ofisa atakayekupa ufagio. Atakuuliza namba ya jeshi.

Na ipo habari nyingine ya vita vile vile, ambayo si ya kuchekesha. Kariakoo ya Dar es Salaam mnaijua, hata kama hamjafika mnaisikia kwenye redio. Jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Mishahara yao ilibaki. Haikulipwa kwa ndugu zao, kwa sababu majina yaliandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, na mwisho Serikali ya Uingereza ikakataa kuitoa. Fedha ya jasho la marehemu ilipotea kwa kukosa jina lililoandikwa sawasawa.

Basi jina ni kitu kikubwa. Hapa kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ukoo. Jeshini aliandikwa moja, kadi ya kura inasema lingine, na kitambulisho cha taifa kina la tatu. Ofisi ikiona hivyo inasema hawa ni watu watatu. Nani atailaumu? Tiba yake haina gharama kubwa. Nenda kwa hakimu au kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Fanya hivyo kabla ya kuulizwa.

Kisha tafuta namba ya jeshi, jina la kikosi, batalioni, kombania, na mwaka ulioingia na ulioacha. Tafuta cheti cha kuacha jeshi. Kama kimeliwa na mchwa, tafuta medali, kitabu cha mshahara, picha yenye maandishi nyuma, barua uliyomwandikia mkeo kutoka Masaka. Mama zetu, barua hizo mmezitunza? Ziko wapi? Barua ya mapenzi yenye anwani ya kikosi na tarehe ni ushahidi mzuri kuliko hotuba.

Halafu mashahidi. Mliopigana kombania moja mnajuana. Mtafute mwenzako angali hai. Usimwombe aandike, "Namfahamu huyu ni mtu mwema." Aandike alichokiona kwa macho yake: mahali gani, mwezi gani, nani alikuwapo, alijeruhiwa wapi mwilini, alipelekwa hospitali gani. Naye aweke namba yake ya jeshi, kisha aape mbele ya hakimu. Na kama hakuona, asiseme aliona. Shahidi mmoja wa uongo akigunduliwa, faili zima linanuka.

Kwa aliyekuwa mgambo, kazi ni ngumu zaidi, maana wengi hawakurudi na karatasi ya maana. Aanzie kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Huyu ni mtu wa Jeshi aliye karibu nasi. Aulize orodha za waliochukuliwa mwaka ule. Kama alichukuliwa akiwa mfanyakazi wa shirika au shamba, aulize pia kwa mwajiri wa wakati ule, kama bado yupo, maana mwajiri naye aliandika mahali kwamba mtu fulani hayupo kazini, amekwenda vitani.

Tuseme habari ya muda. Muda ni mwizi mbaya kuliko mchwa. Kila sheria ina siku zake za kukata rufani, na mara nyingi barua yenyewe huzitaja. Siku huhesabiwa kutoka tarehe ya uamuzi, au tangu ulipoupata. Kwa hiyo siku unapopokea barua, andika nyuma yake: "Nimeipokea leo," na tarehe. Itunze na bahasha yake, maana bahasha ina muhuri wa posta. Kama ilitiwa sahihi Januari ikakufikia Aprili, bahasha ndiyo itakayokutetea.

Na kama umechelewa? Usikate tamaa, lakini usijifanye kana kwamba hukuchelewa. Omba kuongezewa muda na ueleze sababu. Mahakama zetu zina msimamo kwamba kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Ulilazwa? Leta karatasi ya hospitali. Barua ilikwama? Leta bahasha. Kusema "nilikuwa na shida za nyumbani" hakutoshi, kwani nani hana shida za nyumbani?

Rufani yenyewe ipelekwe wapi? Anza na ofisi iliyoandika barua. Peleka mwenyewe ukiweza, na uwe na nakala mbili. Moja waichukue, ya pili wagonge muhuri wa "Imepokelewa," uondoke nayo. Kama huwezi kwenda, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Wasipojibu, andika kwa aliye juu yao. Juu ya Jeshi ipo Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma. Kila barua unayoiandika itaje barua iliyotangulia na tarehe yake. Hivyo unajenga ngazi, na atakayesoma ya mwisho ataona umepitia wapi.

Ukiona ofisi zote ziko kimya, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ilianza kazi 2001, ikarithi ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ambayo wazee wanaikumbuka. Unaipelekea malalamiko bila kulipa ada. Inaweza kuiita ofisi ya Serikali ijieleze. Haitoi hukumu kama mahakama, lakini faili lililolala huamka linapoulizwa na Tume.

Mwisho ni mahakama. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Ziko njia mbili, na kila moja ina saa yake. Njia ya kwanza ni kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi. Mahakama haikupimi mguu wala haikuandikii asilimia. Inatazama kama ofisi ilifuata sheria, na kama ulisikilizwa. Ikiona hapana, inaufuta uamuzi na kuamuru shauri liangaliwe upya. Lakini kwanza lazima uombe kibali, na kibali kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Miezi 6 tu! Aliyekaa miaka 3 akiandika barua za kubembeleza, mlango huu utakuwa umefungwa nyuma yake. Njia ya pili ni kuishitaki Serikali kwa madai. Hapo lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa wizara inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ikifunguliwa bila notisi hiyo inatupwa hata kama mguu wako umekatika kweli.

Mahakama Kuu ipo Arusha mjini, nauli yake mnaijua. Ipo pia Arusha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na watu hutushauri twende huko moja kwa moja. Msipoteze nauli. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kuipeleka huko, na tangu Novemba 2020 mwananchi hawezi kufungua kesi mpya dhidi ya nchi yetu kwa mlango ule. Sisi tunaona ni hasara, lakini ndivyo ilivyo.

Wakili ni ghali, tunajua. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo mtu asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa hata vijijini. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani, Usa River. Na mjihadhari na yule kijana mwenye mkoba anayesema, "Nipe laki mbili, nina mtu Dodoma." Kukata rufani hakuhitaji "mtu Dodoma." Kunahitaji karatasi.

Nchi nyingine wanafanyaje? Marekani, tangu 2019, askari aliyekataliwa ana njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa mkubwa zaidi atazame karatasi zile zile, au kwenda kwenye bodi ya rufani. Kwa kawaida ana mwaka mmoja wa kuchagua. Hata huko, mpaka 1988 hapakuwa na mahakama ya kusikiliza rufani hizo.

Uingereza ina habari inayotugusa zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, walianzisha mabaraza ya rufani za pensheni za askari, na mzigo wa kuthibitisha ukaondolewa mabegani mwa askari. Penye shaka, shaka ilimfaa yeye. Jaji aliyesikiliza nyingi za rufani hizo aliitwa Denning. Mwaka 1947, katika rufani ya mjane wa mwanajeshi, alieleza maana ya kuthibitisha jambo pasipo shaka ya maana. Maelezo yale yananukuliwa hata leo na majaji wa Tanzania na Kenya katika kesi za jinai. Tazameni, mjane alikwenda kudai pensheni, na kesi yake ikawa mwalimu wa mahakama za mbali!

Lakini wazee wetu wa KAR, waliopigana Uhabeshi, Madagaska na Burma chini ya bendera ile ile, hawakutazamwa kwa jicho lile. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua nyaraka za kikoloni zilizoonyesha kwamba Mwafrika alipewa bakshishi ya mwisho wa vita pungufu sana kuliko mzungu, hata theluthi yake, kwa vita vile vile. Wangekata rufani wapi? Hapakuwa na meza ya kupokea. Ndiyo maana tunakasirika kidogo tukiona mtu wa leo, mwenye Katiba na mwenye kisomo, anaiacha barua chini ya godoro.

Neno kwa wajane. Mzee akifa rufani ikiwa njiani, msiizike pamoja naye. Andikeni ofisini kuwapa habari ya kifo, na mwulize haki yake inaangukia kwa nani. Mtatakiwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na barua ya mahakama ya kuteua msimamizi wa mirathi. Kama ndoa ilikuwa ya kimila na hakuna cheti, ushuhuda wa wazee wa ukoo na hati ya kiapo viandaliwe mapema, mzee angali hai na anaweza kutia sahihi. Tunajua si jambo la kupendeza kulizungumza mezani. Lizungumzeni hivyo hivyo.

Sasa chukueni kalamu. Tunaandika barua ya mfano ubaoni, nanyi mnakili.

Kijiji cha Kikwe,
Wilaya ya Arumeru.
Tarehe ..........

Kwa (cheo cha aliyetia sahihi barua ya kukataa),
S.L.P. ..........

YAH: RUFANI JUU YA UAMUZI WENU KUMB. NA. .......... WA TAREHE ..........

Mimi .........., namba ya jeshi .........., nilikuwa kikosi .........., kombania .........., tangu .......... mpaka ...........

Barua yenu niliipokea tarehe ........... Mmekataa maombi yangu kwa sababu kwamba ...........

Siridhiki na sababu hiyo, kwa kuwa ...........

Kuthibitisha, naambatanisha: (taja kila karatasi na tarehe yake).

Naomba uamuzi huo uangaliwe upya, niitwe kusikilizwa, na nipewe majibu kwa maandishi pamoja na sababu.

Sahihi ..........

Mmeona? Haijazi ukurasa. Haina matusi, wala haina machozi. Msipeleke karatasi halisi, pelekeni nakala zilizothibitishwa. Halisi zikae nyumbani, ndani ya mfuko wa nailoni, mahali ambapo hata mvua ya Aprili haifiki.

Jumamosi jioni, baada ya kazi za shamba, tutakuwa hapa hapa shuleni. Mwenye barua ya namna hii aje nayo tuisome pamoja, neno kwa neno. Mwenye jirani asiyeweza kutembea amchukulie yake. Na tafadhali, njooni na bahasha zake.